Kabla hujampandisha mbwa kwenye gari la Dar

Ukiiacha barabara kuu ya Tanzania–Zambia pale Nyololo na kushika njia ya Igowole, ile inayoendelea Kibao hadi Mtwango, unaona kwa macho jinsi fedha ya misindano, chai na viazi ilivyogeuka nyumba. Tofali za kuchoma, mabati ya rangi, geti la chuma, na nyuma ya geti, mara nyingi, mbwa. Mbwa wa Mufindi wa zamani alilala jikoni karibu na mafiga, akashinda shambani akifukuza ngedere, akala ukoko na kilichobaki. Bado yupo, na anafanya kazi kubwa kuliko anavyoshukuriwa. Lakini siku hizi yupo na mwingine. Huyu amenunuliwa akiwa mdogo, Mafinga au Iringa mjini, ana masikio yaliyosimama na damu ya jamani shepadi, ana jina, mara nyingi Simba, na kuna kazi inayomsubiri: kulinda pikipiki, mifuko ya mbolea, mbao zilizopangwa uani na watu waliolala ndani.

Shida huanza anapofikisha miezi minane au tisa. Anawarukia wageni waliotoka kanisani na kuwachafua nguo. Ameua kuku wa jirani, na jirani ameshalipwa. Akiitwa, haji. Usiku anabwekea kila kitu, upepo na mwezi pia, mpaka hakuna anayeamka tena kuchungulia. Hapo ndipo mtu anapoleta wazo: kuna jamaa Dar es Salaam anafundisha mbwa. Unampeleka, anakaa naye miezi miwili au mitatu, unalipa, anarudi anajua kukaa, kulala, kukamata na kuachia. Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia kwenye vibanda vya chai na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na siyachukulii kwa wepesi. Mtu anayefikiria kumsafirisha mbwa karibu kilomita 600 anafikiria usalama wa watoto wake.

Nitasema ninachoamini tangu mapema: wengi wa mbwa hao wasiende. Nauli na ada ni mzigo, lakini hata kama vingekuwa bure ningesema hivyo hivyo. Sababu iko katika namna mbwa anavyojifunza, na Tanzania tunayo mifano ya kutosha ya kutuonyesha hilo, mmoja wao ndani ya mkoa wetu huu wa Iringa.

Tuanze na shule zenyewe, maana zipo na zinafanya kazi ya kuheshimika. Mwaka 2014 taasisi ya African Wildlife Foundation ilianzisha mpango wa mbwa wa uhifadhi, na kituo chake cha mafunzo kikawekwa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Mbwa waliopita hapo wamefanya kazi bandarini na kwenye uwanja wa ndege Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na Entebbe kule Uganda, wakinusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona yaliyofichwa ndani ya mizigo. Magharibi mwa Kilimanjaro, katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, mbwa wawili walioitwa Rocky na Jerry walijipatia jina kwa kufuata harufu ya majangili kutoka penye mzoga hadi majumbani. Kule Grumeti, upande wa magharibi wa Serengeti, walitumika mbwa waliotolewa kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa Marekani. Na Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, ambacho Watanzania wengi wamekiona kwenye gwaride na mechi kubwa.

Anayesimulia habari hizi husimulia uhodari wa mbwa. Sehemu inayotuhusu sisi wenye nyumba Igowole ni ile isiyosimuliwa sana, yaani jinsi wanavyopatikana na jinsi wanavyofundishwa. Kwanza, mbwa hawa huchaguliwa. Mwalimu hatafuti mbwa mkali. Anatafuta mbwa mwenye wazimu wa mpira: ukiutupa mpira kwenye majani marefu, mbwa wa kawaida atatafuta dakika moja au mbili na kuacha, yule anayefaa atatafuta mpaka ulimi uanguke na bado hataki kurudi. Ndiyo maana mbwa waliowashinda wenyewe nyumbani, wale wanaotafuna viti na hawatulii, wakaonekana lulu huko Grumeti. Kisha pembe ya ndovu inafichwa ndani ya boksi moja kati ya maboksi mengi. Mbwa akiinusa na kuketi mbele yake, mpira unamtokea. Kwake yeye ule ni mchezo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Pili, na hili ndilo kubwa, mbwa hafundishwi peke yake. Askari wa wanyamapori anayechaguliwa kuwa mwongoza mbwa naye anaingia darasani kwa wiki nyingi. Anajifunza kumlisha, kumpiga brashi, kumkagua kupe, kusoma mkia na masikio yake, kujua lini mbwa amechoka na lini anadanganya ili apewe mpira. Wako wanaoshindwa wakarudishwa, mbwa akabaki. Anayehitimu pale ni timu ya wawili. Mpe mbwa huyo huyo mtu mwingine asiyefundishwa, na baada ya muda una mbwa mzuri asiyefanya kazi.

Sasa linganisha na mpango wa kumpandisha Simba gari hadi Dar. Simba anakaa na mwalimu miezi mitatu. Anajifunza kutii sauti ya mwalimu, mkono wa mwalimu, uwanja wa mwalimu, mara nyingi kwa amri za Kiingereza. Mbwa hahamishi somo kutoka mahali hadi mahali kama mtoto anavyohama darasa. Mbwa aliyejifunza kuketi kwenye ua wa saruji akiwa amefungwa kamba anaweza asijue kabisa kwamba neno hilo lina maana ile ile mbele ya geti la Igowole, kuku wakipita, bibi akiwa ameshika beseni. Anarudi nyumbani na kukuta hakuna anayetamka kama mwalimu, hakuna anayetuza kama mwalimu, na baba mwenye nyumba aliyelipa ada anaondoka asubuhi na kurudi usiku. Baada ya wiki chache tabia za zamani zinarudi zote, kwa kuwa nyumba iliyozizaa haikuguswa. Watu husema mwalimu amewatapeli. Pengine alifanya kazi yake vizuri kabisa, ila alimfundisha mmoja wakati waliohitaji somo walikuwa nyumba nzima.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, katika vijiji vya upande wa Idodi na Pawaga, wafugaji, wakiwamo Wabarbaig, wamekuwa wakipoteza mbuzi, kondoo na ng'ombe kwa simba, fisi na chui. Mradi wa Ruaha Carnivore Project, ulioanzishwa mwaka 2009 na mtafiti Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford, ulitafuta njia za kupunguza hasara hiyo ili wafugaji wasilazimike kuua simba. Pamoja na kuimarisha mazizi, mwaka 2013 walijaribu mbwa walinzi wa mifugo wa aina ya Anatolia, wenye asili ya Uturuki, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa duma la Namibia, Cheetah Conservation Fund, ambalo limekuwa likiwagawia wafugaji wa huko mbwa hao tangu mwaka 1994.

Utaratibu wa mbwa hawa unaweza kumshangaza anayetafuta shule. Hawapelekwi popote kufundishwa. Mtoto wa mbwa mwenye wiki chache anawekwa zizini pamoja na mbuzi. Analala nao, analishwa palepale, ananusa jasho lao usiku kucha. Mfugaji anamkataza asicheze kwa kuwauma masikio ndama na wanambuzi, anamrudisha kundini kila anapotoroka kufuata watoto. Anakua akijua kwamba mbuzi ni ndugu zake. Akisimama mtu mzima, mkubwa kwa umbo na mzito kwa sauti, anajiweka katikati ya kundi na mnyama mgeni, anabweka, na mara nyingi hilo peke yake linamtosha mnyama anayewinda akaghairi. Ulinzi wote huo umetokana na mahali alipolelewa na umri alioanza kulelewa hapo.

Umri ndio jambo ambalo wengi wetu tunalikosa. Wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliwachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi na mwaka 1965 wakatoa kitabu kilichobadili fani hii. Walionyesha kwamba kuna dirisha, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili, ambamo mtoto wa mbwa anapanga ulimwengu: nani ni wa kwetu, kipi kinatisha, kipi ni cha kawaida. Watafiti waliofuata wanalisogeza hadi wiki ya kumi na nne hivi. Aliyekutana na watoto, wazee, pikipiki, kuku, miamvuli na watu waliovaa makoti ya mvua katika wiki hizo atavizoea maisha yake yote. Aliyefungiwa kwenye banda giza peke yake ataviogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma hovyo. Wakati Simba anafikisha miezi minane na tunaanza kuulizana habari za Dar, dirisha hilo limefungwa zamani. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, mbwa naye alikuwamo.

Na hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Katika vijiji vyetu kuna elimu ya kumfanya mbwa awe mkali inayopita mdomo kwa mdomo: apewe pilipili, apewe bangi, anuseshwe nyigu, afungwe mnyororo mfupi mchana kutwa asione mtu, apigwe ili awe na hasira. Nimemwona mbwa wa namna hiyo nyuma ya nyumba moja nzuri. Mnyororo ulikuwa umechimba mduara ardhini, hakuna jani lililobaki ndani yake, na shingoni manyoya yalikuwa yameisha mpaka ngozi ya kijivu ikabaki inang'aa. Alikuwa akibweka bila kukoma, kwa mwenye nyumba kama kwa mgeni. Mbwa wa hivyo hamlindi mtu. Hajui tofauti ya mwizi na mtoto aliyefuata mpira, na usiku mnyororo ukikatika wa kwanza kuumizwa ni wa nyumba ile ile. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hakuna kifungu kinachosema mbwa wa ulinzi hahusiki.

Wapo walimu wa kulipwa wanaotumia njia hizo hizo kwa jina la utaalamu: kola yenye miiba, fimbo, kumnyonga kwa kamba mpaka alegee. Mbwa hurudi kimya, mwenye mbwa akafurahi akidhani ni nidhamu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walitoa matokeo ya utafiti uliohusu mbwa 92 kutoka shule mbalimbali. Waliofundishwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa somo, mate yao yalikuwa na ongezeko kubwa zaidi la homoni ya kortisoli baada ya somo, na hata nje ya darasa walikuwa wazito kutarajia jema. Ukimpeleka mbwa kilomita 600 na huoni kinachofanyika, unajuaje ukimya aliorudi nao umetoka wapi?

Anayesema mnyama hafundishiki bila fimbo aende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya! Wanaanza kuzoeshwa watu wakiwa na umri wa wiki chache tu, mara macho yakifunguka. Kisha wanafundishwa kwamba mlio mdogo wa tik maana yake chakula kinakuja, na kuanzia hapo kila wanachofanya sawasawa kinafuatwa na tik na kipande cha ndizi. Mafunzo yote huchukua kama miezi tisa. Panya mmoja aliyezaliwa pale mwaka 2013, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na masalia ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Alifika huko bila kuchapwa fimbo.

Njia ya Morogoro inaingia jikoni kwa mtu yeyote Igowole. Chombo chake ni dagaa. Weka dagaa kavu wachache kwenye mfuko wa shati. Mwite Simba kwa jina na neno moja, njoo, akiwa hatua tatu tu kutoka kwako na hakuna kinachomvuta pengine. Akifika, dagaa mmoja, papo hapo, kabla hujahesabu mbili. Ukichelewa, atadhani ametuzwa kwa kutazama pembeni. Rudia mara tano, acha, nenda kafanye kazi zako. Kesho hatua kumi. Wiki ijayo karibu na geti. Wiki inayofuata kuku wakiwa mbali, akiwa kwenye kamba ndefu ili asipate nafasi ya kuwafukuza. Asiitwe kamwe ili apigwe. Aliyeitwa akapigwa siku moja amejifunza kutokuitika, na amejifunza vizuri. Kwa wageni, kila anayeingia getini asimsemeshe wala asimguse mpaka miguu yake yote minne iwe chini. Ni kazi ya dakika kumi asubuhi na kumi jioni, na inataka uvumilivu zaidi kuliko ujuzi.

Kuhusu ulinzi wenyewe, ambao ndio mzizi wa safari yote ya Dar, nadhani tunadai zaidi ya tunachohitaji. Mwizi wa mbao au wa pikipiki anataka kuingia na kutoka bila kujulikana. Mbwa anayebweka mgeni akikaribia na kunyamaza akiambiwa na mwenyewe amemaliza kazi kubwa, na hilo halihitaji kufundishwa kukamata mkono wa mtu. Mbwa anayebwekea kila kitu amechoshwa na upweke: ameshinda amefungwa, hakutembezwa, hakuzungushwa mipaka ya eneo lake. Mtembeze jioni kuzunguka uzio na shamba la mahindi, mrudishe, mlaze mahali pakavu pasipopigwa na upepo, maana baridi ya Mufindi ya Juni na Julai si ya mbwa kulala nje kwenye tope. Atabweka kwa sababu.

Wazee wetu walilijua somo la mazingira kwa njia yao. Mbwa mchanga aliandamana na mbwa mzee shambani na porini, akajifunza kutoka kwake. Sehemu ya ujuzi huo imeishia pabaya: watafiti wa Msitu wa Hifadhi wa Uzungwa Scarp wamekuwa wakieleza jinsi uwindaji wa mitego na mbwa ulivyopunguza wanyama humo, wakiwamo mbega na minde, na kuwinda bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Lakini mbinu yenyewe, ya mdogo kujifunza kwa mkubwa na kwa mtu anayeishi naye, haina kosa. Mwenye mbwa mtulivu wa miaka mitano amtumie kumlea mchanga.

Kuna somo jingine ambalo ningelitanguliza mbele ya yote, nalo ni kumzoesha mbwa kushikwa. Nenda siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika kijiji chochote. Watoto ndio wanaowaleta mbwa, wengine kwa kamba ya katani, wengine kwa kipande cha kanga, mmoja amembeba wa kwake mabegani kama mwanambuzi. Utawaona wanaume wawili wakimburuta mbwa mkubwa anayepiga miguu breki mpaka kamba inawaponyoka, anakimbilia mahindini, na hiyo ndiyo imetoka: mwaka mzima bila chanjo. Nyuma yake msichana mdogo amemkumbatia wa kwao shingoni akimnong'oneza, afisa mifugo anadunga, wanaondoka. Tofauti ya mbwa hao wawili ni kwamba mmoja aliwahi kushikwa masikio, midomo na miguu tangu mdogo, na mwingine mkono wa mtu anaujua kwa fimbo tu.

Tofauti hiyo inaua watu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Asia na Afrika. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika, na lengo lililowekwa ni kumaliza vifo vya binadamu ifikapo mwaka 2030. Sababu mojawapo ya kukosa asilimia hizo ni mbwa wasioshikika. Nyingine ni imani kwamba mtoto wa mbwa chini ya miezi mitatu asichanjwe, wakati anaweza kuchanjwa na anapaswa kuchanjwa kampeni inapopita. Mbwa anayefungua mdomo na kutoa mguu kwa utulivu ameshahitimu jambo kubwa kuliko kukamata mkono wa mwizi. Na aliyeumwa, awe ameumwa na Simba wake mwenyewe, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Basi yupo anayefaa kupelekwa? Yupo. Mwenye kiwanda cha mbao au ghala aliyeajiri mlinzi wa kudumu ana haja ya mbwa wa kazi, na ampeleke pamoja na mlinzi huyo, wakae wote, wajifunze wote. Yupo pia mbwa ambaye tayari ameuma mtu bila kuchokozwa. Huyo aanze kwa daktari wa mifugo: afungiwe salama na kuangaliwa kwa siku kumi kwa ajili ya kichaa, akaguliwe kama ana maumivu ya sikio, jino au nyonga, kwa kuwa mbwa anayeumwa huuma. Akionekana mzima na bado ni hatari, mtaalamu aitwe, na ikishindikana watoto wanakuwa na haki kubwa kuliko yeye.

Anayeamua kupeleka aende kwanza mwenyewe, bila mbwa, na afike bila kupiga simu. Atazame mabanda, maji ya kunywa, hali ya shingo za mbwa waliopo. Aombe kuona mbwa aliyehitimu akitii amri za mwenye mbwa, siyo za mwalimu. Amwulize mwalimu swali moja na kusikiliza vizuri: mbwa akikosea unafanya nini? Anayejibu kwa kucheka na kuonyesha fimbo amejibu. Anayekataa wenye mbwa kuhudhuria masomo naye amejibu. Mbwa wengi wakikusanyika pamoja, magonjwa hupita haraka, kwa hiyo chanjo za parvo na distemper ziwe zimekamilika wiki mbili kabla ya safari, na mbwa mwenye manyoya mazito aliyezoea ukungu wa Mufindi asisafirishwe mchana kushuka joto la Pwani ndani ya boksi.

Ipo njia ambayo sijaona ikijaribiwa sana na naitamani ije. Nauli ya mwalimu mmoja kuja Igowole wikiendi moja ni nafuu kuliko kusafirisha mbwa kumi kwenda na kurudi. Nyumba kumi zikichanga, anafundisha uani kwa kila mmoja, penye kuku wenyewe na geti lenyewe, kisha anarudi baada ya miezi miwili kukagua. Halmashauri nayo, inapoandaa siku ya chanjo, ina watu na mbwa wamekusanyika tayari. Nusu saa ya afisa mifugo kuonyesha jinsi ya kumshika mbwa na kumwita kwa dagaa haihitaji bajeti mpya.

Mwalimu huyo akija, asikae na baba mwenye nyumba peke yake. Amwulizie anayeshinda nyumbani: bibi anayeanika mahindi, dada anayefua, mtoto wa darasa la nne anayerudi saa nane. Wakubaliane maneno manne au matano watakayotumia wote, njoo, kaa, acha, toka, banda, yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni mwa jiko, na bibi ndiye awe wa kwanza kupewa dagaa mkononi na kumwita Simba mbele ya watu.